BSA ya babu kwenye banda la kuku

Kuku wa mke wangu alitagia kwenye madigadi ya pikipiki ya babu yangu. Madigadi ya nyuma, niliyokuwa nimeilaza chali juu ya rafu na kutupia magunia ndani yake, ina umbo la mtumbwi, na kwa kuku mwenye haraka sidhani kama Tanga nzima kuna kiota kizuri kuliko hicho. Mke wangu alinishika mkono asubuhi kabla sijaenda shuleni, akanipeleka bandani, akanionyesha mayai saba.

"Mwalimu," akasema, "wewe umeshindwa kuamua. Mwenzio ameamua."

Ilikuwa 2019. Pikipiki ilikuwa imekaa vipande vipande kwa miaka sita, na ingekaa mingine minne kabla na mimi sijaamua. Kila mtaa una mtu wa namna yangu, mwenye kitu chake kimefunikwa turubai uani: Vespa, Land Rover, jenereta, mashua. Ukimuuliza atakuambia "bado kidogo tu". Na mimi nilikuwa nasema hivyo, kwa sauti ya mtu anayejiamini kabisa.

Pikipiki yenyewe ni BSA Bantam, modeli ya D7, silinda moja, tu-stroki (injini ya petroli iliyochanganywa na oili), sisi 173. Babu alikuwa karani wa mishahara kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Aliinunua mwaka 1964 kwa meneja wa Kizungu aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Uhuru ulikuwa na miaka mitatu, bei ya mkonge inaanza kuteremka, na wakubwa wengi wa mashambani walikuwa wanauza wasichoweza kubeba. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Babu akabaki karani yuleyule, meza ileile, pikipiki ileile. Aliiendesha mpaka petroli ilipoadimika miaka ya 80, akaiegesha chini ya kibaraza, akarudi kwenye baiskeli. Alifariki 1998. Baba yangu naye alipofariki 2012, nikaikuta chini ya kibaraza kilekile, na kwa kuwa hakuna aliyeitaka, nikaibeba kwenye Fuso la mahindi hadi kwangu Makorora. Yaani nilidhani hakuna aliyeitaka.

Nieleze kidogo kuhusu hiyo Bantam, maana ilinifunga akili kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kiwanda cha BSA kilikuwa Birmingham, Uingereza, na kilianza na kutengeneza silaha. Ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja. Bantam ni jina la kuku wadogo wa umbo, kwa hiyo mke wangu husema kuku wake hakukosea nyumba. Ila mchoro wa injini ulitoka Ujerumani. Ulikuwa wa DKW, modeli ya RT 125, ukachukuliwa baada ya vita vya pili kama sehemu ya fidia. Mchoro huohuo ulizaa Harley-Davidson ndogo kule Marekani, ukazaa pikipiki za Urusi, na Yamaha ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955, imetoka humohumo. BSA waliugeuza kama unavyojiona kwenye kioo, ili gia iwe mguu wa kulia jinsi Waingereza walivyozoea, wakaunda Bantam kuanzia 1948 hadi 1971. Hilo la gia mguu wa kulia litanirudia mwishoni.

Mambo haya yote niliyasoma usiku, wiki baada ya wiki, wakati bolti ziko kwenye ndoo. Kusoma kuhusu pikipiki kunafanana sana na kuitengeneza, ila mikono haichafuki na pikipiki haisogei.

Kosa nililifanya siku ya kwanza, na miaka iliyofuata nilikuwa nalipa riba yake. Ilikuwa likizo ya Desemba 2013. Mimi, mdogo wangu na vijana wawili wa kidato cha tatu tuliifungua pikipiki nzima kwa Jumamosi moja. Tulianza saa mbili asubuhi. Kufika alasiri imebaki fremu tupu. Bolti na nati zote tulitumbukiza kwenye ndoo moja ya dizeli. Simu yenye kamera ilikuwa mfukoni mwangu kutwa nzima na picha niliyopiga ni moja: sisi wanne tumesimama nyuma ya vyuma, tunacheka kama watu walioua nyati.

Sikujiuliza nataka nini. Nataka pikipiki ya kuendea kazini? Ya kuwekwa sebuleni? Ya kuuza? Au nataka tu kushika vitu ambavyo babu na baba walivishika? Kila jibu lina kazi yake na gharama yake. Anayetaka kuendesha anaanzia kwenye injini na breki. Anayetaka kuuza kwa wakusanyaji haruhusiwi kugusa rangi. Mimi nilianza na msasa. Kabla ya Krismasi nilikuwa nimesugua nusu ya tangi mpaka kwenye bati jeupe, upande wa kulia, ili nipige nyekundu mpya inayong'aa. Rangi aliyokaa nayo babu miaka yote ile niliiondoa mimi kwa msasa namba 120, kwa furaha.

Halafu spana. Nina seti nzuri, kuanzia 8 hadi 24. Kwenye nati ya kichwa cha injini ya 14 inacheza, ya 13 haiingii. Nikaipiga hiyo ya 14 kwa nyundo ikae, nikavuta, kona za nati zikalainika ikawa duara kama kisoda. Nikaenda kwa fundi mmoja mzee Barabara ya 12, Ngamiani, mtu aliyeanzia kazi kwenye karakana ya mkonge. Akaitazama ile nati akatingisha kichwa kama daktari anayeonyeshwa dawa za mganga.

"Ticha, hii siyo ya milimita."

"Ni ya inchi?"

"Siyo inchi unayoijua wewe."

Akavuta kutoka chini ya meza kitambaa kilichozungushwa, akakifungua: spana nane nyeusi za Whitworth. Kipimo cha Whitworth, cha Waingereza wa zamani, hakihesabu upana wa kichwa cha bolti. Kinahesabu unene wa bolti yenyewe. Kwa hiyo spana iliyoandikwa robo inchi mdomo wake unazidi robo inchi kwa mbali, na mtu aliyezoea spana za kawaida anajiona ana wazimu. Fundi aliniazima. Akasema nisizipoteze, maana Tanga hii zikipotea zimepotea. Nilikaa nazo miaka kumi.

Ukaja wakati wa kununua. Nilikuwa na rafiki niliyesoma naye, yuko Leicester, akaniambia vipuri vya Bantam huko bado vinauzwa na watu wengi tu, nimpe orodha. Orodha yangu ya kwanza, ninayo bado kwenye daftari, ilikuwa: nembo mbili za tangi, mipira ya mikono, mpira wa kiti, kioo cha taa. Vitu vya kuonekana. Oili sili za krenki, yaani mipira ya kuziba pande mbili za mhimili unaozunguka tumboni mwa injini, hazikuwemo. Na tu-stroki haiendi bila oili sili: petroli na hewa hupitia tumboni mwa injini kabla ya kwenda juu, sasa sili zikikauka injini inavuta hewa upande mmoja na kunyonya oili ya gia upande mwingine. Oili sili hizo ni nyepesi, zingeingia kwenye bahasha, na bei yake ilikuwa chini ya bei ya nembo. Niliziagiza miaka miwili baadaye.

Krenki ndiyo iliyonimaliza. Konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki, ilikuwa inacheza juu chini kama jino la mtoto. Krenki ya Bantam imeshindiliwa kwa presi, haifunguliwi kwa bolti, kwa hiyo lazima uitenganishe kwa mashine, uweke pini na beringi mpya, uishindilie tena, kisha uilinganishe mpaka isiyumbe hata nywele. Fundi mchongaji wa kwanza aliishindilia vizuri, akasahau kuilinganisha. Shilingi 180,000. Wa pili alitaka 200,000 kurekebisha kazi ya wa kwanza. Nikasema nitarudi mwisho wa mwezi. Huo ulikuwa Machi 2016. Ada za watoto zikaingia katikati, kisima kikakauka, na mwisho wa mwezi ule sijauona mpaka leo.

Miaka iliyofuata sina cha kusimulia. Hakuna kilichotokea, nami nilidhani kwamba kutotokea kitu hakuna gharama. Kumbe upepo wa bahari ulikuwa kazini kila siku. Mwaka 2021 nilifungua boksi la pistoni mpya niliyoletewa kutoka Uingereza, bado imo kwenye karatasi yake ya mafuta, nikakuta ringi zimepata kutu. Ringi mpya. Hazijawahi kuingia kwenye silinda, hazijawahi kusikia moto, zimezeeka ndani ya boksi kama mchumba aliyesubiri mahari. Nilikaa chini pale bandani na zile ringi mkononi. Nilijiona mjinga zaidi siku hiyo kuliko siku ya kisoda.

Wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita na mkokoteni mtaani kwetu walikuwa wameshainusa. Mmoja alimwambia mke wangu atatoa 700 kwa kilo, na Bantam nzima haifiki kilo 100. Mke wangu akanipigia hesabu jikoni, bila kejeli: elfu sabini. Kisha akasema hataiuza bila ruhusa yangu, lakini nijue kwamba ameshaulizwa mara tatu. Jirani naye kila Idi alikuwa na swali lake moja, "Ile pikipiki imefikia wapi?", mpaka nikawa napita njia ya nyuma.

Mwaka 2023 alijitokeza mtu wa Dar es Salaam, mpenzi wa vitu vya kale, aliyesikia habari kutoka kwa mtu aliyesikia kutoka kwa mtu. Akaja mwenyewe. Akapita bandani kwa suruali nyeupe, akainama juu ya fremu, akasugua kwa kidole ile namba inayoanza na D7, akainuka anatabasamu. Akauliza kadi. Kadi ya zamani ya babu ilikuwepo, kwenye bati la biskuti la bibi, pamoja na risiti za kodi ya kichwa. Akataja bei: vyuma vilivyo hivi, 700,000. Injini ikiwaka na kila kipande kikiwepo, 1,950,000. Kisha akagusa ule upande wa tangi niliousugua, akasikitika. "Huu nani amefanya hivi?" Nikamwambia tuliikuta hivyo.

Habari ya bei ilifika Muheza kabla mwenyewe hajafika Chalinze. Jioni ileile baba mkubwa alinipigia kunisalimu, jambo asilolifanya tangu mfungo mosi. Kesho yake baba mdogo. Tangu 2013 hakuna aliyewahi kuniuliza nati moja, na sasa kumbe pikipiki ni mali ya marehemu, haijagawiwa, na mimi ni mtunzaji tu. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikakubali kwamba wana haki. Nilikuwa nimetumia miaka kumi kutengeneza kitu ambacho sikuwahi kuuliza ni cha nani.

Nikampelekea fundi wa Barabara ya 12 malalamiko yangu, pamoja na daftari. Jumla ilisoma 1,760,000. Akalifunga daftari bila kulisoma.

"Ticha, hebu tufanye vyuma hivi vyote ni vyangu. Umepita hapa barabarani umenikuta nimevitandaza chini. Ungenipa ngapi?"

Nikafikiri. "Nisingenunua."

"Sasa mbona unavinunua kila mwezi?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo tangu siku hiyo nimelitumia kwa vitu vingi, hata kwa kiwanja fulani, na linafanya kazi kwa sababu halikuulizi umeshatoa kiasi gani. Fedha iliyoko kwenye daftari imekwenda, uuze usiuze. Ukiitumia kama sababu ya kutoa nyingine unakuwa unalilisha daftari. Lakini swali la fundi lilikuwa na upungufu wake: lilidhani vyuma ni vyangu peke yangu, na lilidhani kinachotakiwa ni pikipiki. Hilo la pili lilijulikana kwenye kikao.

Kikao kilikaa kwa baba mkubwa, Jumapili, chini ya mfenesi. Nilifungua mimi kwa kueleza gharama zangu, nikaomba nirudishiwe kwanza kabla ya kugawana. Baba mdogo akaniacha nimalize, kwa adabu kabisa, kisha akauliza neno moja: "Nani alikutuma?"

Watu wakatazama chini. Niseme ukweli, alikuwa sahihi, na ndilo swali ambalo ningetakiwa kujiuliza nikiwa na ndoo ya dizeli mkononi. Kuna kazi unajipa mwenyewe halafu unataka ukoo mzima ukushukuru. Baba mkubwa akataka iuzwe kama ilivyo, 700,000 igawanywe, mambo yaishe. Mdogo wangu akataka ibaki iwe kumbukumbu. Nikamwuliza ibaki kwa nani; akasema kwangu.

Shangazi ndiye mkubwa wao wote, na alikuwa hajasema kitu. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Mimi fungu langu dogo, sina cha kugombania," akasema. "Lakini niliugua nikiwa na miaka sita, baba akanifunga mgongoni kwa kanga ya mama akanipeleka hospitali usiku kwa ile tukutuku. Na kila jioni tulikuwa tunamjua anarudi tangu yuko kule relini, kwa mlio wake, mama anainjika chai. Kuuza uzeni. Ila mtu asiondoke nayo kabla sijaisikia."

Baba mdogo akasema kuiwasha ni gharama. Shangazi akamwambia, "Kwani nimekuomba wewe?" Akaendelea na mchele.

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi nilijua kazi yangu ni nini. Siyo kuifanya mpya. Siyo kuiendesha. Ni kuifanya ipige mlio. Ajabu ni jinsi orodha ilivyofupika. Fundi alichukua kipande cha boksi akaandika vitu ambavyo bila hivyo injini haiwaki, akapiga mstari chini, akasema chochote nitakachotaka kuongeza chini ya mstari nimletee kwanza chai na maandazi ndipo tujadili. Nilimletea mara mbili, mara zote mbili akakataa, akanywa chai. Krenki ililinganishwa upya. Ringi ziliagizwa tena, safari hii pamoja na oili sili za akiba. Beringi zilipatikana mjini kwa kupimwa tu, kitu ambacho ningeweza kukifanya 2014. Kondensa ya magneto, mtambo wa kutoa cheche za plagi, ilikuwa imekufa. Tukafunga ya gari kwa nje kwa waya, haipendezi lakini inatoa moto. Tairi 3.00 kwa 18, ndizo wanazofunga bodaboda nyingi za Kichina, ziko kila duka. Nilikuwa nimezitafuta Uingereza! Jumla ya awamu hii ilikuwa 380,000 na ilichukua wiki kumi na moja.

Tuliiwasha Aprili 2024 ikiwa bado nje ya fremu, imefungwa kwa bolti kwenye kichanja cha mbao uani kwangu. Tangi lilikuwa chupa ya maji ya lita moja iliyoning'inizwa kwenye kamba ya nguo, petroli lita moja na oili mililita 40 ndani yake. Shangazi aliletwa kutoka Muheza asubuhi, akawekewa kiti cha plastiki kivulini. Baba mdogo alikuja pia, alisema alikuwa anapita tu.

Fundi alipiga kiki kama mara thelathini. Ikatema, ikanyamaza. Akafungua plagi, imelowa. Akaifuta kwa shati, akaichoma kidogo kwa kiberiti, akairudisha. Akapiga tena. Ya tatu au ya nne ikashika, ikapiga kelele ya kukwaruza masikio, moshi wa buluu ukajaa uani, kuku wakaruka uzio. Watoto wa mtaa mzima walikuwa mlangoni. Fundi aliishikilia kabureta mpaka ikatulia, ikawa inapiga laini, mfululizo, kama cherehani. Nilikuwa na machozi, nadhani ya moshi.

Nikamgeukia shangazi. Ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Siyo hiyo," akasema.

Fundi akapunguza moto. "Bibi unasemaje?"

"Siyo hiyo. Ya baba ikipumzika ilikuwa inakohoa."

Fundi alimtazama muda, na niliona amekereka, maana kwa fundi injini isiyokohoa ndiyo injini nzima. Kisha akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Akashika bisibisi, akageuza skrubu ya kabureta nusu mzunguko, akageuza kidogo tena. Petroli ikazidi. Injini ikaanza kuruka mapigo: inapiga, inakaa, inapiga mbili, inakaa, inakohoa. Mchanganyiko mzito. Babu, mtu makini wa mahesabu, aliendesha miaka yote na kabureta isiyorekebishwa.

Shangazi alivuta upindo wa kanga akauweka mdomoni. Alikaa hivyo labda dakika mbili. Baba mdogo alisogea akasimama nyuma ya kiti chake, hakusema kitu. Kisha shangazi akainua mkono.

"Haya, izimeni. Mnachoma petroli bure."

Nikamwuliza kama sasa amebadili mawazo, kama angependa ibaki nyumbani. Mdogo wangu naye alikuwa ameanza kuzungumza habari za kuipaka rangi. Shangazi alishangaa kabisa.

"Ibaki ifanye nini? Si nimeisikia."

Tulihitaji wiki nyingine tatu kurudisha injini kwenye fremu na kuunganisha vilivyobaki, na zile bolti za kwenye ndoo zilinipa adabu. Nyingine hadi leo sina hakika zilikaa mahali pake. Nikajipa zawadi ya kuipanda mara moja, kwenye kichochoro chetu, mita arobaini hivi. Nilipotaka kusimama mguu wangu wa kulia ukaenda kwenye breki, kama mguu wa mtu yeyote aliyezoea pikipiki za leo. Pale ni gia. Nikaongeza mwendo badala ya kupunguza, nikaishia kwenye mchongoma wa jirani, yule wa maswali ya Idi. Alitoka akanikuta nimekaa chini. "Kumbe imefika," akasema. Kama nilikuwa na wazo lolote la kubaki nayo na kuingia nayo barabarani kati ya bodaboda, taa yake ya volti 6 na breki zake za mwaka ule, liliishia kwenye miiba ile.

Yule wa Dar es Salaam hakukwepa bei yake, 1,950,000. Alidai muhtasari wa kikao cha familia uliosainiwa na wote, nao ukasainiwa. Kikao cha pili kiliamua nirudishiwe kile tu chenye risiti, nami nilikuwa na risiti za 550,000. Za zile nembo niliziona zipo, nikaona haya kuzitoa, nikazitoa. Iliyobaki, 1,400,000, ikagawanywa mafungu saba: wanaume watatu mawili mawili, shangazi moja. Fungu la marehemu baba, 400,000, tukaligawa nyumbani: mama thumuni yake, 50,000, sisi wavulana wawili 140,000 kila mmoja, dada yetu 70,000. Kwa hiyo mradi uliokula 2,140,000 ulinirudishia 690,000. Mke wangu aliomba nimsomee tena zile namba, polepole.

Spana za Whitworth nilizirudisha Barabara ya 12. Fundi alizihesabu, nane, akazizungusha kwenye kitambaa, halafu akanirudishia. Akasema yeye hana tena kitu cha kufungulia. Mimi pia sina.

Mnunuzi alikuja na pikapu Jumamosi kuchukua mzigo. Tulifunga pikipiki kwa kamba, tukaweka boksi la vipuri vya ziada, kadi, bati la biskuti nikabaki nalo. Akazunguka nyuma akasimama.

"Mwalimu, madigadi ya nyuma iko wapi? Tulisema kila kipande."

Nikampeleka bandani. Kuku alikuwa juu yake, mwingine, mjukuu wa yule wa kwanza nadhani, amevimba, anatutazama kwa jicho moja. Mke wangu alikuwa ameshasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Ana siku kumi na mbili," akasema. "Wanatotoa kwa ishirini na moja. Utatumiwa kwa basi."